Siku Fundi Uvungu Alipokuwa Abiria

Pale kazini watu wengi walizijua soli za viatu vyake kuliko walivyoijua sura yake. Ukiingia katika gereji ile ya magari ya utalii, ukapita matairi yaliyoegemezwa ukutani na mapipa ya oili chakavu, ulikuta gari limeinuliwa, na chini yake miguu miwili imenyooka, kisigino cha kushoto kimelika zaidi ya cha kulia. Huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Ulimwamkia kwa kuinama, naye akakuitikia akiwa huko huko chini, kisha mkono wake ukachomoza kupokea spana, kikombe cha chai au mkono wa mgeni, bila kubagua. Kwa sababu hiyo walimwita Fundi Uvungu. Kila aliyemtania kwa jina hilo alipata jibu lile lile: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mapema. Nyinyi mtainama mkishazeeka, tena bila kupata kitu."

Alifika pale akiwa kijana mwenye shati moja la kazi na jingine la kutokea. Aliajiriwa kuosha magari, na katika kuosha akaanza kuuliza, na katika kuuliza akaanza kushika. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipofungua mashine alipanga vipande vyake juu ya turubai kwa namna ambayo hata aliyepita asiyejua lolote angeweza kusema kipi kilitoka kwanza na kipi kilifuata. Madereva walimpenda kwa sababu gari alilolishughulikia halikuwaaibisha mbele ya wageni.

Jambo la ajabu ni kwamba mbuga yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Aliijua kwa kile ilichokiacha kwenye magari: tope jeusi la mtoni, majani makavu yaliyonasa kwenye rejeta, miiba iliyozama katika matairi, na safari moja unyoya wa buluu uliobanwa nyuma ya taa. Aliutoa ule unyoya kwa koleo, akaupeleka nyumbani kwa mkewe. "Hiyo ndiyo mbuga yangu," mkewe alisema, akiuchomeka kwenye fremu ya kioo. "Wenzangu wanavuka bahari kuja kuona tembo. Mimi ninayelala jirani nao sijaona hata mkia."

"Tutakwenda," fundi alimjibu.

"Hiyo tutakwenda yako imeshaota ndevu."

Mke huyo alikuwa mshonaji wa mapazia na mashuka, na cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la chumba cha mbele. Madereva waliokuja kumwita mumewe walikaribishwa kiti, na wakati wa kungoja walimsimulia: jinsi tembo alivyoziba barabara, jinsi tembo alivyong'oa mti kama mtu anayechuma mchicha, jinsi wageni walivyolia machozi kwa kumwona mtoto wa tembo akikanyaga mkonga wake mwenyewe. Mama alisikiliza huku mguu wake ukiendelea na kazi, na kwa miaka na miaka tembo waliishi kwake ndani ya sauti ya cherehani.

Kisha akaugua. Mapafu yalijaa maji, akalazwa, akakonda mpaka mkono wake ukawa mwepesi kama wa mtoto. Fundi aliomba likizo kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Jioni moja mama alipokataa kijiko cha pili cha uji, fundi aliinama karibu na sikio lake, akasema, "Ukiinuka hapa, nakupeleka kuona tembo. Nimeapa."

Mama hakufumbua macho. "Sasa nimejua kwamba naumwa kweli," alinong'ona, "maana umeanza kuapa."

Lakini aliinuka. Aliinuka polepole, kwa kushika ukuta kwanza, halafu kiti, halafu mkono wa mumewe, mpaka siku alipokwenda peke yake kuanika nguo akarudi bila kupumzika njiani. Siku hiyo fundi alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo kama mtu anayeona haya kusikiwa na majirani.

Kustaafu kwake kulikuja mara baada ya hapo. Mwenye kampuni, mama mmoja aliyezoea kuzunguka gereji akiwa na funguo nyingi kiunoni, alimwita ofisini akamwuliza apewe zawadi gani. Alitarajia kusikia saa ya ukutani, au kochi.

"Naomba gari, mama. Kutwa moja tu, na dereva. Mimi na mke wangu, bila mgeni mwingine."

"Uende wapi?"

"Tukaone tembo."

"Ina maana hujawahi?"

"Nimewahi kuwaosha kwenye matairi."

Akacheka mpaka funguo zikalia. Siku ilichaguliwa, na hapakuwa na nafasi ya kuchagua nyingine. Mvua zilikuwa mlangoni, na zikianza barabara za mbuga hufungwa. Zaidi ya hayo, nyumba ilikuwa imekwisha kufungashwa. Wiki iliyofuata walikuwa wanahamia kwa binti yao, mji wa mbali, karibu na hospitali ambayo mama alitakiwa kuihudhuria kila mara. Kama asingewaona tembo siku hiyo, basi, na kifua kile, pengine asingewaona tena. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Hapa inafaa tueleze utaratibu wa gereji ile, maana ndio uliozaa yaliyotokea. Gari liliporudi safari, fundi alitoa jeki na spana ya magurudumu, akavisafisha, akavipaka mafuta, akaviweka juu ya meza ndefu iliyo karibu na mlango. Asubuhi dereva alivichukua mwenyewe mezani, akavirudisha kwenye sanduku lililo chini ya kiti cha nyuma. Fundi hutoa, dereva hurudisha. Mwenye kampuni alipenda kusema kwamba kitu kikipita mikono miwili hakipotei, na kweli hakikuwahi kupotea.

Jioni ya kuamkia safari, Fundi Uvungu hakutaka msaada wa mtu. Alilichagua gari la zamani ambalo alilijua kama kiganja chake. Alibadili oili, akakaza kila nati, akapaka grisi kila kiungo, akaosha mpaka turubai la paa. Dereva alipopita kuuliza kama kuna la kufanya, alimfukuza kwa mkono. "Kesho usiguse kitu. Mimi nimemaliza yote. Wewe njoo na usukani wako tu."

Dereva huyo walimwita Gazeti, kwa kuwa hakuna habari iliyompita, na aliyoipata hakulala nayo. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na kofia pana. Asubuhi alifika, akaiona meza ya mlangoni ina kitambaa kipya kilichofunika kitu fulani, akakumbuka alivyoambiwa asiguse kitu, akapita.

Mama alitoka nyumbani amevaa gauni la kijani alilojishonea kwa siku hiyo, na skafu ya rangi ya maziwa. Gari liliposimama mlangoni, kabla hata ya kumfungulia mlango, mumewe aliinama kutazama chini ya injini.

"Toka huko," mama alisema. "Leo viti viko juu."

"Shikamoo, mama," alisema Gazeti, akishuka kumsaidia.

"Marahaba, mwanangu. Mfunge mkanda huyu asije akateremka njiani kulala chini ya magari ya watu."

Walipita lango la mbuga jua likiwa bado changa. Gazeti aliinua paa, mama akasimama kitini, mikono yote miwili kwenye bomba la kushikia, skafu ikimpepea. Fundi alikaa pembeni, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja.

"Kuna kitu kinalia nyuma, kulia," alisema.

"Hicho ni kikapu cha chakula, mzee."

"Na hiki kinachogonga?"

"Chupa ya chai, ndani ya kikapu."

Mama aliangua kicheko. "Mume wangu, umekuja kutazama wanyama au kulisikiliza gari? Gari hili umelisikiliza tangu watoto hawajazaliwa. Halina jipya la kukuambia."

Fundi alijitahidi. Walipofika kwa pundamilia aliinuka, akasimama karibu na mkewe. Mama aliwakagua kwa jicho la kazi. "Tazama mistari inavyopinda hapo kwenye paja. Mimi ningeshona hivyo ningerudishiwa kitambaa." Walipokuta twiga watatu wakila vilele vya miti, alitikisa kichwa kwa huruma: "Shati la huyu, kola peke yake inakula jora zima." Gazeti alicheka mpaka akasimamisha gari. Waliona nyati waliowatazama kama watu wanaodai heshima, wakaona ngiri na watoto wake wakikimbia mikia juu kama eriali za redio, wakaona swala wengi kama nafaka zilizomwagwa uwandani. Mama alishukuru kila mmoja. Lakini baada ya kila mmoja aligeuka mbele na kuuliza kwa upole, "Na tembo?"

"Wanaoga, mama," alijibu Gazeti. "Wameambiwa unakuja, hawawezi kukupokea na vumbi."

Matawi yaliyovunjwa waliyaona. Kinyesi kikubwa kama kapu kilichotapakaa barabarani walikiona. Redio ya upepo ya madereva ilisema kuna kundi kwenye bwawa kubwa, wakaenda, wakakuta maji yamevurugwa na nyayo pana kama sinia zimejaa kingoni, wenyewe hawapo. Redio ikasema wameelekea upande wa kilima. Jua lilikuwa limepanda, na mama alikuwa amekaa chini, mkono umelala kifuani, akivuta pumzi kwa mpangilio. Fundi aliuona mkono ule. "Ongeza mwendo kidogo," alimwambia Gazeti.

Barabara ya kilimani ilivuka mto uliokauka. Walipokuwa wakipanda ukingo wa pili, fundi alisema, "Mbele kulia," na hata kabla hajafunga mdomo gari likaegemea upande huo. Kisiki kilichojificha katika majani kilikuwa kimepasua tairi.

"Pancha si msiba," alisema Gazeti kwa uchangamfu. Alizunguka, akatazama huku na huku kwa makini, akafungua sanduku chini ya kiti cha nyuma. Akatoa kamba. Akatoa koleo la kuchimbia. Akatoa turubai dogo lililokunjwa vizuri. Kisha akabaki ameinama, mkono ukipapasa ndani.

"Mzee, jeki umeiweka wapi?"

"Humo sandukuni."

"Sandukuni hamna."

Fundi alishuka, akaja, akatazama mwenyewe. Sanduku lilikuwa safi kiasi cha kulia chakula ndani yake. Na hapo, akitazama usafi ule, aliiona mbele ya macho yake ile meza ya mlangoni, na juu yake jeki na spana, vimeng'arishwa, vimefunikwa kwa kitambaa kipya alichokikata kwa ajili ya siku hiyo tu.

"Niliitoa," alisema taratibu.

"Ndiyo. Na kuirudisha?"

"Kurudisha ni kazi ya dereva."

"Dereva aliambiwa asiguse kitu."

Wakatazamana. Maisha yake yote ya kazi mikono ya fundi ilikuwa imefanya nusu ya shughuli ile, na jioni iliyotangulia, alipojitwika nusu zote mbili, ikafanya ile iliyoizoea ikaenda kulala na dhamiri safi. Kila nati ilikuwa imekazwa. Kila kiungo kilikuwa na grisi. Jeki tu ndiyo iliyobaki gereji, nayo katika mbuga nzima haikuwapo iliyo safi kuishinda.

Gazeti alichukua redio. Hakuwa na njia ya kulificha jambo, na kusema kweli hakuwa na hamu hiyo. Alieleza mahali walipo na shida iliyowapata.

"Rudia," sauti moja ilisema. "Gari la nani halina jeki?"

"La Fundi Uvungu."

Redio ilikoroma kwa vicheko. "Kinyozi hajinyoi!" alisema mmoja. Mwingine akadakia: "Mwambieni aingie chini aliinue kwa mgongo, si ndiko anakoishi?" Na wa tatu: "Shikamoo, mzee! Mimi ndiye yule uliyenigombeza kwa kusahau spana!"

Sauti ya mwanamke ikawanyamazisha. Ilikuwa ya dereva waliyemwita Dada Breki, kwa sababu alisimama hata kwa kobe. "Acheni utoto. Mama yupo humo? Mama, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu," alisema mama, akisogea karibu na redio.

"Ninayo jeki na spana, lakini nina wageni wa kuwafikisha kambini wakale. Nikiwaacha tu nakuja. Itakuwa alasiri, mama. Vumilieni."

Alasiri. Fundi hakuhitaji kuelezwa. Alasiri maana yake ni kubadili tairi na kuelekea langoni moja kwa moja. Tembo walikuwa wamekwenda zao kilimani, na siku ilikuwa imekwisha kabla haijaisha. Alilishika lile koleo. "Nitachimba chini ya gurudumu, tuweke mawe chini ya ekseli, tulitoe hivyo hivyo."

"Mzee," alisema Gazeti, akimwondolea koleo mkononi kwa adabu, "kichaka hiki mimi sikiamini. Ukilala uvunguni, simba hatajua kwamba wewe ni fundi mkuu. Atajua kwamba ni saa ya chakula. Panda, tafadhali. Leo wewe ni abiria."

Fundi alipanda. Alikaa mikono juu ya magoti, viganja vimeelekea juu, kama vitu vilivyokabidhiwa kwake bila maelezo.

"Nisamehe," alimwambia mkewe. "Siku moja niliyokuombea, nimeiharibu kwa mkono wangu."

Mama alikuwa anafungua kikapu. Alimpa yai la kuchemsha lililomenywa, kipande cha mkate na kikombe cha chai. "Kula kwanza. Mtu hatubu na njaa."

Gazeti, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitambua kwamba hapahitajiki habari, alivuta kofia usoni akajifanya amelala.

"Hebu nikuulize," mama alisema. "Tangu uliponioa, umewahi kukaa nami mchana bila kuniambia nisubiri ukaze nati moja?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu. "Hospitali," alisema.

"Hospitali ulikaa, najua. Wauguzi waliniambia. Lakini mimi sikukuona. Homa ilinifunika. Nilichokuwa nakiona ni koti lako kwenye kile kiti, na nikawa najiambia, koti lipo, basi hajakwenda mbali." Alikunywa chai. "Ulikuwa unafanya nini muda wote ule?"

"Nilikuwa nasikiliza unavyopumua." Fundi alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Kitu kikilia mimi najua pa kukishika. Chako nilikisikia, lakini sikuwa na pa kukishika. Nimeogopa mambo machache sana maishani. Hilo niliogopa."

Mama aliuweka mkono wake juu ya goti la mumewe, ukakaa hapo. Injini ilikuwa imezimwa muda mrefu, na masikio ya fundi, yaliyozoea vyuma tu, yakaanza kupokea mambo mengine: ndege asiyeonekana akirudia neno moja, nyuki katika maua ya kichaka, upepo ukipita juu ya majani makavu ukarudi. Mama alimwonyesha kwa kidole mjusi mwenye kichwa cha rangi ya machungwa aliyekuwa akipiga pushapu juu ya jiwe. Alimwonyesha kanga wakipita kwa msururu, wakinung'unika kama watu waliotumwa dukani wasikotaka kwenda. Kulikuwa na vitu vingi. Gari likiwa katika mwendo hawakuona hata kimoja kati ya hivyo.

Jua lilipoanza kulegea, waliona vumbi upande wa pili wa mto. Gari la Dada Breki lilikuwa linakuja. Fundi aliinuka, tayari amekunja mikono ya shati. Lakini gari likapunguza mwendo, likasimama mbali, kwenye ukingo wa ng'ambo, na vumbi lake likalipita.

"Breki tena," alisema Gazeti, akiinua kofia. "Amekutana na kobe."

Redio ilinong'ona. "Gazeti. Msiwashe kitu. Msishuke. Tazameni nyuma yenu, kushoto, mtoni."

Walitazama. Kwanza palikuwa na kichaka tu, kijivu kwa vumbi. Kisha sehemu ya kichaka ikasogea. Tembo jike mkubwa alitoka, akateremka kwenye mchanga wa mto, na nyuma yake mwingine, na mwingine, na wadogo katikati, mpaka njia yote kati ya magari mawili ikajaa.

Fundi alishika bomba. Kilichomshangaza kwanza si ukubwa. Ni kwamba hawakutoa sauti. Mzigo ule wote ulikuwa unateremka ukingo wa mawe, na hapakuwa na kishindo, hapakuwa na kiungo kilicholia. "Wanatembeaje?" alinong'ona. "Mbona hawasikiki?"

"Nyamaza," alisema mama, "usije ukawafungua."

Yule jike mkubwa alisimama si mbali na gari, akaugusa mchanga kwa ncha ya mkonga, akasogea, akagusa tena. Kisha akaanza kuchimba. Aliukwangua mchanga kwa mguu wa mbele, akaurusha nyuma, akautoa mwingine kwa mkonga, bila haraka. Shimo liliposhuka, alisimama akangoja. Wenzake wakangoja. Maji yalichipuka taratibu, machafu kwanza. Aliyavuta, akayamwaga pembeni, akangoja mengine. Yalipotulia ndipo akanywa. Na mtoto wake, ambaye bado hakujua matumizi ya mkonga wake, alipiga magoti ya mbele, akaingiza kichwa chote shimoni na kunywa kwa kinywa, matako juu, masikio yakipepea kwa raha.

Mama alikuwa amesimama juu ya kiti. Fundi alimtazama yeye badala ya tembo. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, na machozi yalikuwa yanateremka bila kufutwa mpaka kwenye skafu, na kifua chake, kile kifua alichokisikiliza usiku mwingi, kilikuwa kinapanda na kushuka kwa utulivu, kama cha mtu aliyelala usingizi mzuri.

Redio ikanong'ona tena: "Mzee, jeki ninayo hapa mkononi. Lakini wenye barabara wapo."

"Mwambie asiwaharakishe," alisema fundi.

Gazeti aligeuka kumtazama kama mtu aliyesikia mawe yakisema.

Tembo hawakuharakishwa. Walikunywa kwa zamu, wakajimwagia mchanga, wakasuguana mabega. Jike mmoja alikuja mpaka karibu na kile kisiki, akanyoosha mkonga kuelekea gari, akavuta harufu yao. Fundi aliushika mkono wa mkewe. Tembo alifikiri, akaona hawana kosa, akageuka. Walipoondoka waliondoka kama walivyokuja, kichaka kikafunguka na kujifunga, na mtoni pakabaki mchanga na mashimo yao.

Dada Breki alivuka na kushuka akiwa na jeki begani kama bunduki, spana mkononi. "Mzee, nimeletewa kesi yako."

"Nimekubali makosa yote," alisema fundi. "Tena nakushukuru kwa kuchelewa."

Tairi alilibadili mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumnyima hilo. Gazeti na Dada Breki walisimama walinzi, kila mmoja upande wake. Mama alishuka, akapokea nati kadiri zilivyotoka, akazishika katika kiganja, akampa moja moja zilipohitajika.

"Kama ungeikumbuka jeki," alisema, "tungekuwa kilimani sasa hivi, tunafukuza vumbi lao."

"Huwezi kujua."

"Najua. Ungekuwa unasikiliza kikapu."

Fundi alikaza nati ya mwisho, akaketi juu ya visigino vyake. Alitaka kusema jambo kubwa, jambo lenye kipimo cha siku ile na cha miezi iliyopita, la kumshukuru Mungu kwa pumzi ya mwanamke yule na la kumshukuru mwanamke yule kwa kurudi. Hakulipata. "Umewaona," alisema.

"Nimewaona."

Badala ya kupanda garini, mama alitembea mpaka kwenye shimo lililo karibu zaidi, lile la jike mkubwa. Alipiga magoti kwa uangalifu, gauni la kijani juu ya mchanga, akaingiza mkono. Chini kabisa maji yalikuwa bado yanachipuka. "Njoo uguse," aliita. Fundi alikwenda, akainama kando yake, mikono yao ikakutana humo ndani.

"Ya baridi," alisema.

"Ya baridi," mama alikubali, kama mtu aliyekubaliana na mwenzake jambo zito.

Gazeti alitazama jua, akatazama njia, akakohoa mara moja, akakohoa tena. "Mama, tafadhali twendeni. Lango litafungwa."

Mama hakuutoa mkono wake majini. "Waache walifunge, mwanangu," alisema. "Mimi nimeshaona."